Mwalimu, Acha Kipanya

Desemba 2022 direkta wa shule yetu aliwaita wazazi waje kuona watoto wa mwaka wa tano wakitumia kompyuta. Tulipanga laptopu nne juu ya meza nne, na katika kila skrini paka wa rangi ya machungwa alitembea kutoka kushoto kwenda kulia, akafika ukingoni, akageuka, akarudi. Wazazi walipiga makofi. Mimi nilisimama karibu na mlango, moyo mwepesi kama wa mtu aliyemaliza deni.

Kisha baba mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, akainama kando ya mvulana mmoja na kumwuliza, "Na ukitaka paka apande juu, utafanya namna gani?"

Mtoto hakuitazama skrini. Alinitazama mimi.

Yule baba akatabasamu, akaenda meza nyingine. Sidhani kama aliona kitu. Mimi niliona. Wangeulizwa wote kumi na sita, wote wangenigeukia mimi. Kwa miezi miwili nilikuwa nikiandika ubaoni, wao wakinakili, na kila aliyekwama nilifika, nikashika kipanya, nikamalizia. Paka wale wanne walikuwa wangu. Watoto walikuwa wameazimwa tu.

Naandika haya kwa ajili ya mwalimu aliye Kamalondo au Ruashi hapa Lubumbashi, Kongo, au Likasi, au popote, ambaye ana kompyuta mbili tatu na hamu kubwa. Makosa yangu yalinigharimu pesa na muda. Hakuna haja ya mwingine kuyalipia tena.

Nafundisha Katuba, mtaa mwingine wa Lubumbashi. Scratch niliiona mara ya kwanza kwa mpwa wangu anayesoma chuo kikuu. Ni programu ya bure ya kumfundisha mtoto kuipa kompyuta amri, iliyotolewa mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick kule chuo kikuu cha MIT, Marekani. Mtoto haandiki mistari ya herufi na alama. Anaokota bloku za rangi na kuzipachika moja chini ya nyingine: sogea hatua 10, geuka nyuzi 15, rudia mara 10. Bloku zisizopatana hazishikani, kwa hiyo mtoto hasumbuliwi na nukta au mabano aliyoyasahau. Ukishaiweka kwenye mashine, inafanya kazi bila intaneti, na hilo ndilo lililonishawishi. Pia unaweza kuchagua lugha, na Kiswahili kimo.

Zamu yangu ya likelemba, yaani upatu, ilikuwa imefika. Tuko akina mama kumi, kila mmoja dola 50 kwa mwezi, kwa hiyo nilipokea 500. Pesa hiyo nyumbani ilikuwa na kazi yake: mabati ya jiko. Nilinunua laptopu nne zilizotumika, dola 95 kila moja, halafu betri na kigeuza umeme kwa dola 170. Jumla 550. Hamsini za mwisho nilikopa kwa dada yangu. Mume wangu hakupaza sauti. Alikaa kimya siku tatu, na mvua ya Novemba ilipoanza kuvuja jikoni, kimya kile kilirudi. Nalisema hili kwa sababu anayekuambia kazi hii haina gharama hajaifanya kwa mfuko wake mwenyewe.

Laptopu sikuzipima vizuri. Muuzaji aliziwasha zikiwa kwenye waya, skrini zikawaka, nikalipa. Nyumbani, tatu kati ya nne zilizima dakika chache baada ya kuchomoa chaja. Ya nne ilikuwa na Windows ya zamani, na Scratch mpya inataka Windows 10 kwenda juu, hivyo ikakataa kabisa. Mpwa wangu aliiwekea toleo la zamani, 1.4, ambalo halihitaji mashine yenye nguvu, na hadi leo linafaa. Ukienda kununua, iwashe, chomoa chaja mbele ya muuzaji, kaa hapo nusu saa. Atanuna. Wewe kaa. Na uingie uangalie Windows yake ni ipi kabla hujatoa hata dola moja.

Kuhusu umeme: wetu unakatika, kila mtu wa hapa anajua, na delestaji, yaani mgao wa umeme, haikuulizi kama una somo. Betri yangu ni ya volti 12 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 1200. Betri ya aina ya gari haipendi kumalizwa, ukiivuta zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600. Laptopu zangu nne pamoja zinakula kama wati 140. Hiyo ingekuwa saa nne na kidogo, lakini kigeuza umeme nacho kinakula sehemu yake, basi mimi nahesabu saa tatu na nusu. Zinatosha masomo mawili. Mwanzoni sikufanya hesabu hii. Niliivuta betri mpaka kigeuza umeme kilie, na ndani ya miezi mitano ilikuwa imechoka.

Lakini mabati na betri si makosa yaliyoniuma zaidi.

Kosa kubwa lilikuwa namna nilivyoanza. Nilifanya kama nilivyofundishwa mimi: wiki tatu za daftari. Kompyuta ni nini, sehemu zake ni zipi, kila kitu kwa Kifaransa, kwa kuamuriwa, halafu swali la kusahihisha. Watoto waliandika vizuri sana. Mmoja alichora kibodi nzima kwa rula. Kisha nikawaletea Scratch kwa njia ileile: mpango wa bloku sita ubaoni, unakili, bonyeza bendera ya kijani, paka atembee. Aliyenakili sawa alipata kumi juu ya kumi. Mtoto mmoja wa kike alibadilisha 10 kuwa 1000 ili aone itakuwaje, paka akarukia ukingoni mara moja, nami nikamwambia arudishe kama ilivyo ubaoni. Nalikumbuka hilo kuliko yote. Katika miezi ile miwili, yule ndiye pekee aliyeuliza swali lake mwenyewe, na nilimzima.

Likizo ya Krismasi nilitaka kuziuza zile laptopu. Mpwa wangu ndiye aliyenieleza habari za Seymour Papert, mwanahisabati, mzaliwa wa Pretoria, mwaka 1928, aliyekwenda kufanya kazi na mwanasaikolojia Jean Piaget kule Geneva kabla ya kufika Marekani. Mwaka 1967 yeye na wenzake, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitengeneza Logo, lugha ya programu kwa watoto. Humo mtoto anamwamuru kasa atembee na kuchora njia anayopita. Papert alitaka mtoto aifundishe kompyuta. Hakutaka kompyuta imfundishe mtoto. Na mtoto asiyejua kasa ageuke vipi, aliambiwa asimame ajifanye kasa, atembee kwa miguu yake, aone mwili wake unafanya nini. Scratch ni mjukuu wa kazi hiyo.

Nilirudi Januari na uamuzi mmoja tu: nikifika kwenye meza ya watoto, mikono yangu nyuma. Nishike kiganja kwa kiganja mgongoni. Ni kitu kidogo kukisema. Kukitenda kuna uchungu, hasa unapoona jibu liko bloku moja tu kutoka kidole cha mtoto na dakika zinaenda.

Wiki mbili za kwanza hatukugusa laptopu. Tulikaa barazani, maana mvua ilikuwa nyingi. Nilichora miraba kwa chaki kwenye saruji, nikaweka makopo ya maziwa kama vizuizi, na kila kundi likaandika mishale kwenye karatasi: mbele, mbele, kulia, mbele. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, ndiye motoka. Mwingine anasoma karatasi neno kwa neno, haruhusiwi kuongeza kitu. Motoka ikigonga kopo, aliyeandika anarudi kwenye karatasi. Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya "kulia". Kulia kwa nani, kwa msomaji au kwa motoka? Walibishana karibu dakika kumi na mimi sikuingia. Waliamua wenyewe kwamba ni kulia kwa motoka, wakaandika sheria hiyo juu ya karatasi. Somo hilo linahitaji chaki na kitambaa tu. Mwalimu asiye na kompyuta hata moja anaweza kulianza kesho.

Wanaoandika programu huliita kosa mdudu. Hapa kwetu mdudu ni kilulu, basi nasi tukaliita kilulu. Jina hilo lilisaidia kuliko nilivyotazamia. Mtoto aliyekuwa akiona aibu kusema "nimekosa" alipaza sauti bila woga, "Madamu, niko na kilulu!", na wenzake wakaja kukitafuta. Kosa likawa kitu kilichoingia kwenye kazi, si doa kwa mtoto. Vijana waliokuwa wa kwanza kuona vilulu hawakuwa wale wa alama za juu. Walikuwa wawili wanaotengeneza motoka za waya baada ya masomo. Wao wamezoea gurudumu lisilozunguka. Wanalitoa, wanalitazama, wanajaribu tena, hakuna anayelia.

Siku ya pembetatu nitaieleza kwa urefu, kwa sababu siku hiyo ndipo nilipoelewa kazi yangu.

Tulikuwa tumeshachora mraba kwa kalamu ya Scratch: rudia mara 4, sogea 100, geuka nyuzi 90. Nikawaambia sasa pembetatu yenye pande sawa. Walijua kutoka hesabu kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60. Makundi yote manne yakaandika: rudia mara 3, sogea 100, geuka 60. Wakabonyeza. Skrini zote nne zikachora kitu kilicho wazi, mistari mitatu kama bakuli lililolala. Kimya. Kisha vichwa vyote vikanigeukia, kama vilivyonigeukia Desemba.

Nilijua jibu. Mikono ilikuwa mgongoni na vidole vilikuwa vimebanana. Nikasema tu, "Tembeeni."

Yule msichana wa 1000 akasimama. Nilichora pembetatu kubwa sakafuni kwa chaki. Akatembea upande wa kwanza, akafika kwenye kona, akasimama akiwa bado anatazama mbele, kule mstari ungeenda kama usingekatika. Kisha akageuka polepole aelekee upande wa pili. Akaganda. "Madamu, nimegeuka sana. Haiko 60." Wakaleta rapota ya ubaoni, ile ya kupimia pembe, wakaupanua ule mstari wa kwanza mbele ya kona, wakapima: 120. Ile 60 iko ndani ya pembetatu, lakini anayetembea hageuki ndani, anageukia nje, na huko kuna kilichobaki mpaka 180. Walirudi mbio kwenye mashine. Kundi moja, lingine, halafu pembetatu nne zilizofunga.

Yaani, tatu. Kundi la nne liliibakiza ile 60 na kubadilisha 3 kuwa 6, na bakuli lao likajifunga likawa umbo la pande sita, kama chumba cha asali. Mvulana mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole: 4 mara 90, 3 mara 120, 6 mara 60. Zote 360. Mimi sikuwa nimeandika hilo popote katika matayarisho yangu. Kabla ya kengele, wakajaribu rudia mara 360, sogea 1, geuka 1, wakapata duara.

Kama ningeshika kipanya dakika ile ya kimya, ningewapa pembetatu moja na kuwanyima yote hayo. Sijui ni mara ngapi nimefanya hivyo katika masomo mengine, kwa miaka kumi na mmoja.

Mambo madogo, lakini yalituumiza. Watoto wanne kwa mashine moja maana yake mvulana mmoja anashika kipanya na watatu wanatazama. Nilipohesabu, wasichana walikuwa wakishika kwa muda mfupi mno. Nikagawa kazi: mmoja anashika kipanya, mmoja anasema la kufanya, mmoja anaandika daftarini walichojaribu, mmoja anatafuta vilulu. Kila dakika kumi wanapokezana, kwa saa ya ukutani, bila mjadala. Anayeshika kipanya haruhusiwi kuamua, anatenda anachoambiwa. Hilo pekee lilibadilisha kelele ya darasa.

Kuhifadhi kazi: Scratch inapendekeza jina lilelile kwa kila faili, na watoto wanabonyeza ndiyo. Tulipoteza kazi ya wiki nzima ya kundi moja kwa sababu kundi jingine lilihifadhi juu yake. Msichana mmoja alilia, na alikuwa na haki. Tangu hapo jina la faili ni jina la kundi na tarehe, na kila zamu inapobadilika, kwanza hifadhi. Nakala zote ziko kwenye flashi ninayokwenda nayo nyumbani.

Lugha nayo. Nilipobadilisha Scratch kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, nilitazamia mambo kuwa mepesi mara moja. Kiswahili chake ni sanifu, na watoto wa hapa huongea Kiswahili cha Lubumbashi, hivyo baadhi ya maneno yalikuwa mageni kwao. Tuliyajadili moja moja na kuyaandika kwenye karatasi kubwa ukutani. Tofauti niliyoiona ilikuwa kwenye maswali. Kwa Kifaransa waliuliza neno linamaanisha nini. Kwa Kiswahili walianza kuuliza kwa nini.

Wazazi hawakuwa rahisi, na sikuwalaumu. Mama mmoja alinisimamisha njiani: "Madamu, mutoto wangu anaenda ku masomo ya kuchezea paka? Mwaka kesho iko TENAFEP." Mtihani huo wa mwisho wa msingi ni mlango, na yeye anauza mkaa ili mtoto wake aupite. Nilipanga mkutano na nikaleta daftari, si laptopu. Niliwaonyesha kurasa ambako watoto wameandika walichojaribu, kilichokataa, na walichobadilisha. Niliwaonyesha ile 360.

Mzee mmoja, babu wa mwanafunzi, Mchokwe wa upande wa Dilolo, aliomba kusema. Alieleza kwamba kwao wazee walichora sona kwenye mchanga: unaweka nukta kwa ncha za vidole, kwa nafasi sawa, halafu mstari mmoja unazizunguka zote bila kuinua kidole, huku hadithi inasimuliwa. Mchoraji akisitasita, watu wanamcheka. Alituchorea mmoja kwenye vumbi nje ya mlango. Watoto walijaa kumzunguka, na mmoja akaanza kunong'ona: mbele, mbele, geuka. Nilimshukuru yule mzee mbele ya wote. Kwa kitu kimoja tu darasa letu liliamua kutofuata: kwetu anayesitasita hachekwi.

Yule mama wa mkaa hakusema kitu siku ile. Wiki iliyofuata mtoto wake alikuja mapema kuliko wote.

Kazi ya mwisho wa mwaka niliiacha wazi: tengenezeni mchezo ambao tayari mnaujua. Hapo yule msichana wa 1000 na wenzake wakachagua nzango. Wanaoucheza wanajua: wawili wanakabiliana, wanaruka, wanapiga makofi na kutoa mguu mmoja kwa pamoja. Miguu ikilingana pointi inakwenda kwa mmoja, isipolingana inakwenda kwa mwingine. Kwa miaka wamecheza uwanjani "kama, la sivyo" bila mtu kuwaambia kwamba hicho ndicho kiini cha programu. Waliweka namba ya bahati kati ya 1 na 2 kwa kila mchezaji: 1 mguu wa kushoto, 2 wa kulia. Wakatengeneza visanduku viwili vya kuhesabia pointi. Walipobonyeza kitufe cha nafasi, pointi zikaruka kutoka 0 hadi 17.

Nilikaa nao mara mbili na sikukiona kile kilulu. Nilipokigundua nyumbani usiku, nikajua: bloku ya "kama" ilikuwa ndani ya rudio lisiloisha, na mradi kidole kiko kwenye kitufe, mashine inahesabu tena na tena. Siku iliyofuata nilifika na jibu kifuani. Sikuwa nimefungua kinywa, yule msichana akainua kiganja bila kugeuka. "Madamu, acha kwanza. Mi mwenyewe nitakitafuta."

Iliwachukua wiki mbili. Walipachika bloku ya kungoja sekunde 1 baada ya kila pointi, na hesabu ikatulia. Mimi ningefanya vingine: ningeiambia programu ingoje mpaka kidole kiachie kitufe. Dawa yao ina upungufu, kwani ukikandamiza muda mrefu, baada ya sekunde inahesabu tena. Wanajua. Waliandika hivyo wenyewe daftarini, chini ya tarehe: kilulu kimebaki kimoja, kinatoka mtu akikawia kuachia.

Mwaka uliofuata waliingia wa sita, wakajitayarisha kwa mtihani wao. Jumamosi waliruhusiwa kuja saa moja kabla ya wadogo, na tulipoachana mara ya mwisho yule msichana alikuwa amesimama mwenyewe barazani, mguu mmoja hewani, akiushusha, akiuinua, akitazama ni wakati gani hasa unaachia sakafu.